Harry Thuku: Karani wa simu aliyewafunza vijana kudai haki

Kijana wa sekondari huko Olenguruone, kwenye baridi ya milima ya Nakuru, akifungua kitabu chake cha historia hulikuta jina la Harry Thuku. Mwenziwe wa Lamu hulikuta pia, ila huenda asijue kwamba mtu huyo aliwahi kuwekwa katika mji wake huo huo kama mfungwa wa siasa. Leo, wasomaji, tumtazame marehemu huyu, maana tunaposema watoto wetu wafunzwe kuutetea mtaa wao na kusema na wakubwa, maisha yake yana la kuigwa na la kupimwa kwanza.

Alizaliwa mwaka 1895 Kambui, Kiambu, akasoma kwa wamishonari miaka michache. Mwaka 1911 akaingia Nairobi kutafuta riziki, na mambo hayakuanza vyema: alifungwa miaka 2 kwa hundi ya kughushi. Wenye haraka ya kumkatia tamaa kila kijana aliyeteleza na walitie hilo akilini. Alipotoka akapata kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi, Leader, kisha akawa karani wa simu katika Hazina ya serikali. Naona hicho ndicho kilichokuwa chuo chake hasa. Mpangaji herufi huyajua maneno ya wakubwa kabla wino haujakauka, na karani wa simu hujua nani huzungumza na nani.

Mwaka 1921 walowezi waliafikiana kuukata mshahara wa Mwafrika kwa thuluthi. Tayari palikuwa na kipande shingoni, kodi iliyopandishwa, na wasichana waliotolewa majumbani kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani. Mwezi wa Juni Thuku na wenzake wakaanzisha Chama cha Vijana wa Kikuyu. Haukutimia mwezi wakakibadili jina, kikawa Chama cha Afrika Mashariki, ili mlango uwe wazi kwa kila kabila. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Muislamu, Abdalla Tairara, na Bwana Desai, Mhindi mwenye gazeti, aliwasaidia kuchapisha.

Kazi yao haikuwa ya makelele. Waliita mkutano, wakayataja madhila moja baada ya moja, wakakubaliana maneno, kisha wakayapeleka London kwa simu ya maandishi bila ya kupitia kwa chifu wala mmishonari. Machifu wakaghadhibika. Serikali ikamtaka Thuku achague baina ya kazi yake na siasa, naye akachagua siasa.

Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Wajumbe wao walikwenda kuonana na wakubwa, wakarudi wakiwataka watu watawanyike. Hapo akainuka mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akafanya lile ambalo kwa mila za kwao ni fedheha kubwa kwa mwanamume, na umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja idadi iliyozidi sana hapo. Nyanjiru alikuwa mmoja wao.

Thuku hakushtakiwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu, ambayo ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Jubaland ilipokabidhiwa Mtaliana mwaka 1925, akahamishiwa huku kwetu, Lamu na Witu, na mwishowe Marsabit. Aliachiliwa mwisho wa mwaka 1930.

Aliporudi hakuwa yule wa zamani. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa chama cha KCA, wakahitilafiana, na mwaka 1935 akaunda chama chake kilichoahidi utiifu kwa serikali. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Union, lakini hakukaa sana.

Miaka hiyo hiyo Olenguruone ilikuwa ikiwaka. Serikali ilikuwa imewahamishia huko Wakikuyu waliotolewa katika nchi ya Wamasai, kisha ikawawekea masharti ya namna ya kulima na ya nani arithi shamba. Wao waliihesabu ardhi ile kuwa fidia, wakakataa kutia sahihi. Wakafungamana kwa kiapo, na kiapo hicho hakikumwacha mwanamke wala mtoto. Walifukuzwa kidogo kidogo hadi mwaka 1950, na wengi wao wakapelekwa Yatta penye ukame.

Ujasiri wao siudharau hata kidogo. Lakini sisi tuliopita chuoni twajua kwamba yamini ya asiyebaleghe haimfungi. Kumfunza mtoto kuuliza, kuandika na kuhudhuria mkutano ni jambo moja. Kumfunga kwa neno asilolipima ni jingine. Thuku wa mwaka 1921 aliwakusanya vijana waliojua walichokitia sahihi. Thuku wa mwaka 1952 aliwapinga waziwazi Mau Mau na viapo vyao, na wengi waliompenda zamani hawakumsamehe.

Maisha yake yaliyobaki aliyamalizia katika kahawa. Mwaka 1959 aliingia katika bodi ya chama cha wakulima wa kahawa, KPCU, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Alifariki tarehe 14 Juni 1970. Barabara yenye jina lake Nairobi inapita kando ya kituo cha polisi na hoteli ya Norfolk, pale pale walipoanguka watu wa mwaka 1922, na wanafunzi wa Chuo Kikuu huipita kila asubuhi wakienda darasani.