Pierre Mulele, Waziri wa Masomo Aliyeingia Msituni

Juzi sisi wa mwaka wa sita tulibishana sana juu ya neno usoshalisti. Mmoja alisema ni kunyang'anya watu ng'ombe na mashamba. Mwingine akajibu kwamba ni kama likirimba tu: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Basi tumeona afazali tueleze maisha ya mtu wa inchi yetu aliyekufa juu ya neno hilo.

Pierre Mulele alizaliwa mwaka 1929 huko Kwilu, magaribi ya Kongo. Kule kampani ya Lever ilishika misitu ya ngazi. Watu walipanda miti kwa franka kidogo, na kodi ya Leta ilikuwa inawangoja chini. Alikuwa bado mtoto mchanga wakati Wapende walipoasi, mwaka 1931, na Wabeleji wakaua mamia ya watu.

Alisoma kwa mapadri, akawa askari, kiisha karani mjini Léopoldville. Mwaka 1959 alikuwa kati ya wakubwa wa chama cha PSA pamoja na Antoine Gizenga. Mwezi wa 6 mwaka 1960 Lumumba alimweka waziri wa masomo, naye alikuwa na miaka 30 tu. Kisha kifo cha Lumumba alikwenda China kujifunza vita vya msituni, akarudi Kwilu kwa siri mwaka 1963.

Hapa tukae kidogo. Mulele hakuja na maneno magumu. Aliwaambia watu wa vijiji kwamba kuko wenye kutoka jasho na kuko wenye kula jasho la wengine, na kwamba uhuru wa 1960 ulibadilisha rangi ya wakubwa tu. Alitaka mali ya inchi iwe ya wote. Wapiganaji wake, wengi vijana kama sisi, wenye mishale kuliko bunduki, walikatazwa kuiba vitu vya watu, kukanyaga mashamba, kusumbua wanawake na kutesa wafungwa. Sisi tuliozoea kukimbia na godoro kichwani, sheria hizo tulizisoma mara mbili.

Lakini tusifiche. Vita ilipoanza Januari 1964, misheni na shule zilichomwa. Mapadri watatu waliuawa Kilembe, na pia mmisionari mmoja mwanamke, Mprotestanti wa Marekani. Waziri wa masomo, na shule zinaungua! Hapo hatuwezi kumtetea, ingawa wawili kati yetu wangali wanajaribu.

Mwaka uleule, huku kwetu mashariki, Simba walipiga kelele za Mai Mulele, wakiamini kwamba maji yanazuia risasi. Mwenyewe hakuwaongoza, alibaki Kwilu. Pole pole jeshi likamzunguka na watu wakachoka.

Septemba 1968 alifika Brazzaville. Mobutu alikuwa ametangaza msamaha, na waziri Bomboko akaenda kumchukua. Tarehe 29 alivuka mto, akapokelewa kwa karamu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Oktoba askari walimuua Kinshasa. Leta ilitangaza hukumu yake siku zilizofuata, naye alikuwa amekwisha kufa. Bibi yake Léonie Abo, aliyekaa naye msituni miaka ile yote, hakupewa mwili wa kuzika.