Imamu Suyuti, Mwana wa Vyuo

Waarabu wana majina mengi ya kumwita mtu aliyekusanya elimu. Aliyehifadhi hadithi kwa wingi pamoja na njia zake huitwa hafidh. Aliyeshika fani mbalimbali huitwa mutafannin. Aliyepita hapo huitwa allama. Na aliyezama ndani ya elimu kama azamavyo mpiga mbizi huitwa mutabahhir, neno lililotoka katika bahari. Nasi watu wa pwani husema fulani ni bahari ya elimu, na mara nyingi husema kwa wepesi, kama kwamba majina haya ni halua ya arusi, kila aliyehudhuria apate kipande. Katika waliopewa majina yote hayo kwa haki yumo Imamu Jalaluddin Abdurrahman bin Abibakar Assuyuti. Naye mwenyewe aliketi akapima ni elimu zipi alizozama na zipi alizobaki ufukoni.

Alizaliwa Kairo mwezi mosi Rajab mwaka 849, nao ni mwaka 1445 wa Kizungu. Nasaba yake ni ya mji wa Asyut, katika Misri ya juu, na baba yake alikuwa mwanachuoni wa Kishafii. Imepokewa kuwa baba alimtuma mama akamletee kitabu katika vitabu vyake, uchungu ukamshika huko huko, akajifungua katikati ya vitabu; kwa hiyo mtoto akapewa lakabu ya Ibnul-kutub, yaani mwana wa vyuo. Kwa Kiswahili hailekei kuwa lakabu hata kidogo, maana ndilo jina tuwaitalo maulamaa wote.

Baba alikufa mwaka 855, mtoto hajatimiza miaka sita, na hifdhi yake imefika Suratut-Tahrim. Katika wasii walioachiwa kumlea alikuwamo Kamaluddin Ibnul-Humam, imamu mkubwa wa Kihanafi. Hakutimiza miaka minane ila ameihifadhi Kurani yote. Kisha akahifadhi Umda katika hadithi za hukumu, Minhaji ya Nawawi katika fikihi, Minhaji ya Baidhawi katika usuli, na Alfiya ya Ibnu Malik katika nahau. Fikihi aliisoma kwa Alamuddin Albulkini mpaka sheikh huyo akafa mwaka 868, kisha kwa Sharafuddin Almunawi. Na kwa Muhyiddin Alkafiyaji alikaa miaka 14, akisoma tafsiri, usuli, lugha na balagha. Alipohiji mwaka 869 alikunywa maji ya Zamzam kwa nia mbili: afikie katika fikihi daraja ya Sirajuddin Albulkini, baba wa sheikh wake, na katika hadithi daraja ya Ibnu Hajar Alaskalani.

Mwaka uliofuata ikatokea kazi ambayo kwayo jina lake linajulikana na kila aliyekaa darsani katika pwani hii. Jalaluddin Almahalli alikuwa ameanza tafsiri fupi ya Kurani, akafasiri kutoka Suratul-Kahf mpaka mwisho, akarudi akafasiri Alfatiha, kisha mauti yakamchukua mwaka 864. Suyuti, naye ni kijana wa miaka 21, akaanza mwezi mosi Ramadhani mwaka 870 kutoka Albakara, akamaliza Al-israi mwezi kumi wa Mfunguo Mosi: siku 40. Aliufuata mwendo wa mwenziwe kwa adabu, hata asomaye Jalalaini haoni upesi palipoungwa. Na ndiyo sababu katika nakala nyingi tafsiri ya Alfatiha hukutwa mwisho wa kitabu, baada ya Suratun-Nas. Iliachwa pamoja na sehemu ya Almahalli.

Baada ya hapo kalamu haikusimama. Aliandika Al-itkan katika elimu za Kurani, Ad-durrul-manthur katika tafsiri kwa hadithi, Aljamius-saghir, Al-ashbahu wan-nadhair katika kanuni za fikihi, Almuzhir katika lugha, na Tarehe ya Makhalifa. Jumla ya vitabu vyake hupita mia tano, ingawa vingine ni karatasi chache za kujibu suala moja. Kutoka nchi ya Takrur, magharibi ya Afrika, watu walimpelekea masuala yao.

Katika kitabu chake cha khabari za Misri, Husnul-muhadhara, alijiandikia tarjuma yake, na humo ndimo alimoipanga mizani. Alidai kuwa amezama katika elimu saba: tafsiri, hadithi, fikihi, nahau, na fani tatu za balagha, nazo ni maani, bayani na badii. Lakini katika fikihi alikiri kuwa sheikh wake alikuwa mpana kuliko yeye. Chini ya hizo saba aliweka usuli, jadali na sarfu. Chini yake insha na mirathi. Chini yake kiraa, aliyoipata bila ya sheikh. Na chini ya zote utabibu. Hisabu aliisema wazi kuwa ni nzito kwake kupita kila kitu, na mantiki aliiacha baada ya kuionja. Hapana budi kusema kweli: mtu asiyejua hisabu akiisema aibu yake katika kitabu cha kusomwa na mahasimu, dai lake katika hizo saba lastahili kusikilizwa.

Mahasimu walikuwapo. Alipodai kuwa amefika daraja ya ijtihadi, ingawa ndani ya njia ya Imamu Shafii na si kwa kuanzisha madhehebu, Kairo ilimchachamalia. Akatumai pia kuwa ndiye mujaddidi wa karne yake. Assakhawi, mwanafunzi wa Ibnu Hajar, alimtuhumu kuwa huchukua vitabu vya waliotangulia akavitia jina lake. Naye akamjibu kwa risala kali kuliko ilivyofaa. Maneno ya wanaoishi zama moja hayapokewi na wanavyuoni pasi na uchunguzi, na hapa pande zote mbili zilikuwa na ukali. Hata hivyo kukusanya ndiyo kazi aliyoitambua mwenyewe, na vimo vitabu vya kale vilivyopotea ambavyo leo hujulikana kwa alivyonukuu yeye tu.

Mwaka 891 alipewa uongozi wa Baibarsiya, nyumba kubwa ya masufi. Mwaka 906 aliwakatia posho baadhi yao kwa kuwa hawakutimiza sharti za wakfu. Wakamvamia, wakamtupa hodhini na nguo zake, akakaribia kufa. Akaondolewa kazini, akajitenga nyumbani kwake katika kisiwa cha Raudha, ndani ya mto Nili. Sultani Alghuri alimpelekea dinari 1000 na mtumwa. Fedha akazirudisha, mtumwa akamwacha huru na kumweka akahudumu katika Hujra ya Mtume s.a.w.

Mkono wake wa kushoto ulivimba, akaugua siku saba, akafa usiku wa Ijumaa, mwezi 19 wa Mfunguo Nane mwaka 911, sawa na mwaka 1505, umri wake miaka 61, miezi 10 na siku 18. Alizikwa nje ya Babul-Karafa. Mwenyiezi Mungu amrehemu.