Altounyan: Tabibu aliyejitia pumu ili aipate dawa

WAHENGA walinena kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Dkt Roger Altounyan alikilalia kitanda cha pumu kwa hiari yake, tena mara nyingi, ili wengine wapate nafuu.

Alizaliwa mwaka wa 1922 katika ukoo wa matabibu wenye asili ya Armenia, waliokuwa na hospitali mjini Aleppo, Syria. Mamake alikuwa Mwingereza. Mwandishi Arthur Ransome, rafiki wa familia hiyo, alimfanya Roger na dada zake vielelezo vya wahusika katika riwaya yake ya watoto, Swallows and Amazons, iliyochapishwa mwaka wa 1930.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani na mkufunzi wa marubani. Baadaye alisomea utabibu, akarejea Aleppo kutibu wagonjwa. Mwaka wa 1956 aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Bengers nchini Uingereza, iliyokuwa sehemu ya kampuni ya Fisons.

Wakati huo dawa mpya za pumu zilijaribiwa kwa simbilisi, mnyama mdogo wa maabara afananaye na panya mnene. Altounyan, ambaye mwenyewe aliugua pumu, hakuridhika. Aliamini kwamba kifua cha mnyama hakiwezi kusema yaliyomo katika kifua cha binadamu.

Ikawa kwamba manyoya na vigaga vya ngozi ya simbilisi vilimletea pumu. Basi alitengeneza maji yenye chembe hizo, akavuta mvuke wake hadi kifua kikambana, kisha akapima pumzi aliyoweza kutoa. Siku nyingine alivuta kwanza dawa iliyokuwa ikichunguzwa, ndipo akavuta chembe zile. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyomwonyesha iwapo dawa ilifaa.

Aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa. Utafiti ulianzia kwa kelini, kemikali itokanayo na mmea wa nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Mwaka wa 1965 ulizaa sodiamu kromoglikati, iliyouzwa baadaye kwa jina Intal. Dawa hiyo haikufungua kifua kilichokwisha kubana, bali ilizuia kisibane. Kwa kuwa ilikuwa unga, Altounyan alishiriki kubuni kifaa cha kuivutia, Spinhaler, chenye rafadha ndogo mfano wa ile ya ndege.

Hakuwa wa kwanza kujitia maradhi kwa ajili ya elimu. Charles Blackley wa Manchester alikuwa amejijaribu kwa chavua ya nyasi katika karne ya 19. Hata hivyo, Altounyan alionyesha wazi manufaa ya kukichokoza kifua kwa kipimo na kwa utaratibu.

Hadi leo njia hiyo hutumika kutambua pumu, kwa maana maradhi haya hujificha. Mtu aliyekohoa usiku kucha aweza kupuliza spirometa vyema asubuhi. Mgonjwa wa namna hiyo huvutishwa methakolini kwa viwango vinavyoongezeka polepole. Hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza ikipungua kwa asilimia 20, njia zake za hewa ni nyepesi kubana. Ikipungua kwa kiwango kidogo cha dawa, shaka ya pumu huzidi nguvu. Isipopungua, yaelekea kikohozi kina chanzo kingine. Kipimo hiki hufanywa mbele ya wataalamu, dawa ya kufungua kifua ikiwa tayari, wala hafanyiwi mtu ambaye tayari anahema kwa shida kubwa.

Altounyan alifariki Desemba 1987, baada ya kutaabika kwa maradhi ya mapafu. Siku hizi Intal imepishwa na dawa za steroidi za kuvuta. Lakini kila mgonjwa anayechokozwa kifua kwa uangalifu ili ukweli ujulikane, anapita njia ambayo tabibu huyo aliipita peke yake.