Nikola Pašić na Dola Iliyokosa Msingi

Nionavyo mimi, maisha ya Nikola Pašić yafaa kufundishwa popote katiba inapojadiliwa. Mserbia huyu alizaliwa Zaječar mwaka wa 1845, akasomea uhandisi mjini Zürich, kisha akajitosa katika siasa. Mwaka wa 1881 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Radikali, kilichowatetea wakulima na kudai wenyeji wa kila wilaya wajitawale. Uasi wa Timok ulipozimwa mwaka wa 1883, alikimbilia Bulgaria, akahukumiwa kifo ilhali hayupo.

Lakini mamlaka yalimgeuza. Ufalme wa Waserbia, Wakroati na Waslovenia uliundwa mwaka wa 1918. Mwaka wa 1921, akiwa waziri mkuu, Pašić alipitisha katiba iliyolimbikiza madaraka Belgrade. Ilipata kura 223 katika bunge la wajumbe 419. Wakroati wengi walisusia. Alifariki mwaka wa 1926, na mwaka wa 1929 Mfalme Alexander akaifutilia mbali.

Kura zile zilitosha kupitisha sheria. Hazikutosha kuwaunganisha watu. Basi asomaye katiba yoyote na aulize kwanza: ni nani hawakuwapo ilipopitishwa?