Georg Eberhard Rumphius

Georg Eberhard Rumphius (1627 – 15 Juni 1702) alikuwa mtaalamu wa mimea na wa makombe ya bahari kutoka Ujerumani. Aliishi karibu miaka 50 katika kisiwa cha Ambon, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia.

Maisha

Alizaliwa katika eneo la Hesse. Alifika Ambon mwaka 1654 akiwa askari wa Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki, iliyoshikilia visiwa hivyo kwa ajili ya karafuu. Baadaye alihamishiwa upande wa biashara, akaanza kukusanya mimea, makombe na viumbe wa pwani, pamoja na majina yao kwa lugha za wenyeji.

Mwaka 1670 alipofuka. Tarehe 17 Februari 1674 tetemeko la ardhi lilimwua mke wake Susanna pamoja na binti yao. Ua moja jeupe la okidi alilipa jina la mke huyo. Mwaka 1687 moto uliteketeza michoro yake. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mimea ilipotumwa Uholanzi, meli iliyoibeba ilizamishwa na Wafaransa mwaka 1692. Kwa bahati gavana mkuu Johannes Camphuys alikuwa amebaki na nakala huko Batavia (leo Jakarta).

Baada ya kupofuka aliendelea na kazi hiyo bila kuona, akisema na waandishi wakiandika, huku mwanawe Paulus akisaidia kuchora.

Kitabu cha makombe

Mkusanyo wake wa makombe aliuuza mwaka 1682 kwa Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana. Maelezo yake yalitolewa Amsterdam mwaka 1705 kwa jina *D'Amboinsche Rariteitkamer*, miaka mitatu baada ya kifo chake. Yana sehemu tatu: kaa na jamaa zao, makombe magumu, halafu mawe na madini.

Sehemu ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Wakusanyaji wengi wa Ulaya waliyajua makombe matupu tu, lakini Rumphius alieleza pia mnyama anayeishi ndani, chakula chake na matumizi yake kwa watu. Aliandika habari za mtumwa wa kike kisiwani Banda aliyekufa baada ya kushika konokono mwenye gamba la umbo la pia. Ni taarifa ya kwanza inayojulikana kuhusu sumu ya konokono hao. Carl Linnaeus alitumia michoro ya kitabu hiki alipoyapa makombe majina ya kisayansi.

Kitabu cha mimea, *Herbarium Amboinense*, kilichapishwa na Johannes Burman kuanzia mwaka 1741 hadi 1750.