Isaac Newton, mwalimu aliyefundisha kuta tupu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto munaowangojea nyumbani, kila mtoto wa Baraka aliyefika sekondari anajua jina la Newton. Liko kwenye ubao, liko kwenye kaye, na siku ya Examen d'État linaweza kurudi tena. Lakini kwenye mashimo ya Misisi, pahali sheria zake zinafanya kazi kila dakika, wengi wanalijua kama jina la shule tu. Leo tusimulie maisha yake, juu huyu mtu aligundua sheria za nguvu na mwendo, kisha akashindwa kuzifundisha. Watu wengine njo walizifikisha kwa watu wa kazi, na hapo ndipo habari yake inatuhusu.

Newton alizaliwa Woolsthorpe, kijiji kidogo cha wakulima katika Uingereza, siku ya Noeli ya mwaka 1642 kwa kalenda ya Waingereza ya wakati ule. Kwa kalenda yetu ni tarehe 4 Januari 1643. Baba yake alikuwa amekufa miezi mitatu mbele, na huyo baba hakujua hata kuandika jina lake. Mtoto alitoka kabla ya wakati, mdogo sana, mpaka ikasemwa kwamba angeenea ndani ya jagi la lita moja. Hakuna aliyefikiri ataishi.

Alipofika miaka mitatu mama yake aliolewa tena na mchungaji mzee wa kijiji cha jirani. Mtoto hakuchukuliwa. Alibaki kwa mama wa mama yake, miaka mingi, akiona kwa mbali kijiji ambamo mama yake alikuwa analea watoto wengine. Kwetu tunawajua watoto wa namna hiyo, ambao baba yuko ardhini na mama yuko kwa watu. Newton hakusahau. Akiwa na miaka 19 aliandika kwa siri orodha ya dhambi zake, na moja ilikuwa kwamba aliwahi kuwatisha mama na baba wa kambo kwamba atawachoma moto ndani ya nyumba yao.

Baba wa kambo alikufa mwaka 1653, mama akarudi Woolsthorpe na watoto watatu. Isaac alitumwa shule ya Grantham, akalala kwa muuza dawa wa mji ule. Alikuwa mtoto wa mikono: alitengeneza kinu kidogo cha upepo, saa za kusoma kivuli cha jua, na tiara za karatasi zenye taa. Lakini mama alikuwa na mashamba, akamtoa shuleni ili ayasimamie. Kazi ile ilimshinda. Akipewa kondoo kuchunga anasoma kitabu, kondoo wanaingia shamba la watu, na mama analipa faini. Mwalimu wake Henry Stokes njo alimwendea mama kumuomba amrudishe mtoto, tena akakubali kumsamehe minervali. Bila huyo mwalimu wa mji mdogo, leo tusingekuwa na sheria za Newton.

Mwaka 1661 aliingia chuo cha Trinity, Cambridge. Mama alikuwa na makuta lakini alitoa kidogo, kwa hiyo Newton aliandikwa kati ya wanafunzi maskini ambao walilipa masomo kwa kuwatumikia wanafunzi matajiri: kupeleka chakula, kusafisha, kutumwa. Mwaka 1665 tauni iliingia na chuo kikafungwa. Sisi wa Baraka, tunaojua kipindupindu, tunaelewa namna ugonjwa unavyofunga milango. Newton alirudi kijijini, na katika miaka hiyo miwili hivi alivumbua hesabu mpya, alipasua mwanga kwa kipande cha kioo na kuona rangi zilizomo, na akaanza kujiuliza kama nguvu inayoangusha tunda la mti inafika mpaka mwezini. Habari ya tunda alisimulia yeye mwenyewe katika uzee. Lakini halikumwangukia kichwani, hayo watu waliongeza.

Alirudi Cambridge, na mwaka 1669, akiwa na miaka 26, akawa profesa wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kufundisha. Hapa njo kuna jambo la ajabu. Wanafunzi waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache, na walioelewa walikuwa wachache kupita hao. Msaidizi aliyeishi naye miaka mitano alisimulia baadaye kwamba mara nyingine profesa aliingia darasani akakuta hakuna mtu, akasomea kuta, kisha akarudi mapema nyumbani. Alisahau kula. Alisahau kulala. Kichwa chake kilikuwa kwenye nyota, na darasa lilikuwa tupu.

Sheria tatu na mdomo wa shimo

Mwaka 1684 mtaalamu wa nyota, Edmond Halley, alimtembelea na kumuuliza sayari zitapita njia gani kama jua linazivuta kwa nguvu inayopungua kadiri ya umbali mara umbali. Newton akajibu papo hapo kwamba njia ni ya duara lililorefuka, kwamba alishaipigia hesabu, ila karatasi imepotea. Halley alimsukuma aandike upya. Kitabu kilitoka mwaka 1687, kwa Kilatini. Chama cha wataalamu wa London kilikuwa kimemaliza makuta yake kwa kuchapa kitabu kikubwa cha samaki ambacho hakikuuzika, kwa hiyo Halley alilipa uchapaji kutoka mfuko wake. Newton mwenyewe alikifanya kitabu kiwe kigumu kwa makusudi, ili wenye kujua nusu nusu wasimsumbue na mabishano.

Mule ndani mna sheria tatu. Tuziseme kwa lugha yetu.

Ya kwanza: kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule, mpaka nguvu nyingine ikigeuze. Mtumbwi ukifika pwani ya Baraka na moteri imezimwa, hausimami palepale. Kamio ya Misisi ikifunga breki, waliokaa juu ya mizigo wanarushwa mbele. Hakuna aliyewasukuma. Miili yao inaendelea tu na ule mwendo.

Ya pili: nguvu ikisukuma kitu, mwendo wake unabadilika kufuata upande wa nguvu hiyo, na kadiri nguvu inavyokuwa kubwa, badiliko ni kubwa. Kitu kizito kinataka nguvu zaidi. Angalia jiwe linalochomoka kwenye mdomo wa shimo la meta 20. Ardhi inalivuta kila nukta, mwendo unaongezeka, na baada ya sekunde 2 tu linafika chini likiwa na mwendo wa karibu kilometa 72 kwa saa. Sekunde 2, ndugu. Anayepiga kelele juu hajamaliza kutaja jina la mwenzake. Na jiwe dogo halichelewi kuliko kubwa. Njo maana mdomo wa shimo unapaswa kusafishwa mbele ya mtu kushuka, na njo maana sendika inasema kaske kila siku.

Ya tatu: kitu kikisukuma kingine, kile nacho kinarudisha msukumo sawasawa kwa upande mwingine. Kafi inasukuma maji nyuma, maji yanasukuma mtumbwi mbele. Ukiruka kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu, mtumbwi unarudi ziwani, na asiyejua anaangukia katikati. Vilevile mti unaoshikilia mwamba ndani ya shimo: mwamba unausukuma chini, mti unasukuma mwamba juu, na udongo chini ya mti lazima usukume pia. Udongo ukiwa laini, mti unazama na mwamba unafuata. Weka ubao mpana chini yake.

Sasa tuunganishe. Ndoo ya mchanga yenye kilo 40 inavuta kamba kwa nguvu ya karibu newtoni 400. Hilo ndilo jina la kipimo, wamelitoa kwake. Ukiipandisha polepole kwa mwendo mmoja, kamba inabeba hizo 400. Ukiirusha kwa haraka, mwendo ukiongezeka meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde, kamba inabeba 600. Kama kamba imepita juu ya mti uliolazwa kwenye mdomo wa shimo na wavutaji wanavuta kuelekea chini, ule mti unabeba pande zote mbili: ndoo upande huu, wavutaji upande ule. Yaani 1,200, sawa na kutundika kilo 120. Mwenye shimo aliyechagua mti kwa kufikiri kilo 40 amekosea mara tatu. Na atakayelipa ni yule aliye chini.

Dhahabu ya Guinea

Wasomaji wetu wa Misisi watapenda kujua kwamba Newton naye aliishi kwa dhahabu. Mwaka 1693 akili yake ilichoka vibaya, hakulala, akawaandikia rafiki barua za kuwashuku bila sababu. Mwaka 1696 aliacha Cambridge akawa msimamizi wa kiwanda cha Leta cha kupiga sarafu, London, kisha mkubwa wake. Pale mashine zilipiga sarafu mara 50 hadi 55 kwa dakika, na wakati wa haraka kazi ilianza saa kumi za alfajiri mpaka usiku wa manane. Aliyejua kupima kila nguvu alipima na hiyo ya wafanyakazi. Mtu wa sendika akisoma hapo anajiuliza masaa ya kupumzika yalikuwa wapi.

Aliwafuata watengeneza sarafu bandia bila huruma. Mkubwa wao, William Chaloner, alinyongwa mwaka 1699. Mwaka 1717 kazi yake ilifanya sarafu ya dhahabu iwekewe bei ya shilingi 21. Sarafu ile iliitwa ginea, kwa jina la pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi, kwani dhahabu ya kwanza ilitoka kule. Nyingine ziliwekwa picha ya tembo chini ya kichwa cha mfalme, alama ya kampuni iliyoileta. Kampuni hiyohiyo ilisafirisha watumwa. Waliochimba hawakuandikwa jina. Na mwaka 1720 Newton alipoteza fedha nyingi katika hisa za kampuni ya Bahari ya Kusini, ambayo nayo iliuza watumwa.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1705, akaongoza chama cha wataalamu tangu 1703 mpaka kufa. Alikuwa mtu wa kisirani, aligombana na Hooke juu ya nguvu ya kuvuta, na Leibniz juu ya hesabu. Hakuoa, hakuzaa. Alikufa mwezi wa tatu wa 1727, na miaka 84, akazikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi.

Waliobeba kazi

Sheria zake zingebaki ndani ya Kilatini kama si walimu. Mmoja aliitwa Jean Desaguliers, Mfaransa wa La Rochelle, mtoto wa mchungaji aliyekimbia nchi kwa sababu ya dini. Mkimbizi, kama wengi wa Fizi waliovuka ziwa. Kuanzia 1713 alifundisha London, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kilatini, kwa mtu yeyote aliyelipa kiingilio. Hakuanza na hesabu. Alileta kamba, magurudumu, mizani na mawe, watu wakaona kwa macho. Mwaka 1719 aliangusha mipira ya risasi na vibofu vya nguruwe kutoka ndani ya kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo, meta 83 hivi, kuonyesha namna hewa inavyozuia kitu chepesi. Risasi ilifika kwa sekunde 4 na kidogo. Aliandika pia juu ya mashine ya Newcomen, ile ya mvuke iliyoanza mwaka 1712 kutoa maji ndani ya machimbo ya makaa ya mawe. Hivyo fizike ilishuka mpaka shimoni.

Mwingine ni mama, Émilie du Châtelet. Yeye aligeuza kitabu chote kwa Kifaransa, na kukifafanua, akiwa na mimba na miaka 42. Alikimaliza mwaka 1749, akajifungua, akafa siku chache baadaye. Kitabu kizima kilitoka 1759. Wasomaji wa Kifaransa wanakitumia mpaka leo.

Stokes alikwenda kuongea na mama, Halley alitoa makuta, Desaguliers alileta kamba, du Châtelet alileta lugha. Kwetu kazi imefika Kifaransa ikasimama hapo. Mtoto anakariri sheria tatu neno kwa neno, jioni baba anarudi shimoni, na hakuna aliyewakutanisha. Walimu wa Baraka na Fizi, leteni ndoo na kamba darasani, na mizani ya kuning'iniza ya sokoni, watoto wavute na kusoma namba. Mukose makuta ya laboratware, hivyo vinatosha kuanza. Na wewe mtoto wa sekondari, baba akirudi kesho, muulize mti wa mdomo wa shimo lao ni wa unene gani, umelazwa tangu lini, na wangapi wanavuta kamba. Kisha piga naye ile hesabu.