Bhimrao Ambedkar: Maji, Katiba na Njia ya Budha

Aghalabu binadamu huirithi dini jinsi anavyolirithi jina la ukoo. Huipata kabla ya kuijua, huizoea kabla ya kuihoji, na wengi huzikwa nayo bila ya kuwahi kujiuliza iwapo wangeichagua kama wangepewa nafasi ya kuchagua. Bhimrao Ramji Ambedkar, mwanasheria na mwanauchumi wa India aliyeishi kati ya mwaka 1891 na 1956, hakuwa miongoni mwao. Mwaka 1935 alitangaza hadharani kwamba ataiacha dini aliyozaliwa nayo. Akakaa miaka 21 akisoma, akilinganisha na kupima, kabla ya kuingia katika Ubudha. Hakuvutwa na miujiza wala ahadi ya pepo. Aliuendea Ubudha kama falsafa ya kuishi, akaupima kwa mizani miwili: mizani wa akili na mizani wa haki.

Mtoto Aliyenyimwa Maji

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika mji wa Mhow, palipokuwa na kambi ya jeshi, katikati ya India. Alikuwa mtoto wa 14 na wa mwisho wa Ramji Sakpal na mkewe Bhimabai. Baba mtu alikuwa na cheo cha subedar katika jeshi la Waingereza. Kwa kipato, aila hiyo haikuwa ya mafukara. Kwa hadhi ya kijamii, ilikuwa chini kabisa. Walikuwa Wamahar, mojawapo ya jamii zilizowekwa nje ya matabaka manne ya Kihindu na kuitwa za watu wasioguswa. Iliaminika kwamba kugusana nao kulimtia mtu wa tabaka la juu unajisi, na mahali pengine hata kivuli chao kiliogopwa.

Katika shule ya Satara, Bhimrao alikalia kipande cha gunia mbali na wenzake. Gunia hilo ilimlazimu kulibeba asubuhi na kurudi nalo jioni, kwa kuwa hata mtumishi aliyefagia darasa hakukubali kuligusa. Alipopata kiu hakuruhusiwa kuufungua mfereji kwa mkono wake. Alingoja idhini ya mwalimu, kisha angoje tarishi wa shule aje kumfungulia. Siku tarishi alipokosekana, mtoto alishinda na kiu yake.

Mwaka 1901 Bhimrao na watoto wenzake wa ukoo walifunga safari ya treni kwenda Koregaon, alikofanya kazi baba yake. Waliposhuka stesheni na ikajulikana kuwa ni Wamahar, wenye magari ya ng'ombe walikataa kuwachukua. Mmoja wao alikubali baada ya kuahidiwa nauli maradufu, kwa sharti kwamba watoto wenyewe waliendeshe gari naye atembee kando kwa miguu, asije akanajisika. Walikuwa na chakula tele, lakini usiku huo walilala na njaa kwa sababu hawakupata wa kuwapa maji ya kukiteremshia. Mtu mzima aliyekuja kuyaandika hayo miaka mingi baadaye hakuwa amesahau hata kituo kimoja cha safari hiyo.

Kitabu Alichotunukiwa

Jumuiya ya Wamahar ilipokusanyika kumpongeza kijana huyu kwa kufaulu mtihani, jambo lililokuwa nadra miongoni mwao, mwalimu na mwandishi Krishnaji Arjun Keluskar alimtunuku nakala ya kitabu alichokuwa amekitunga kwa Kimarathi kuhusu maisha ya Budha. Nyumbani, baba yake alikuwa akiwasomesha watoto wake tenzi kuu za Mahabharata na Ramayana. Bhimrao alimhoji baba yake sababu ya kuwasomesha masimulizi yanayowatukuza watu wa matabaka ya juu na kuwadunisha walio chini. Jibu alilopewa halikumridhisha. Katika kitabu cha Keluskar alikutana na mtu wa aina nyingine: Siddhartha Gautama, mwana wa wakubwa aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliyefundisha kwamba cheo cha mtu ni matendo yake, na ambaye katika jumuiya ya watawa wake aliwapokea Upali aliyekuwa kinyozi na Sunita aliyekuwa mfagiaji. Mbegu hiyo ilikaa ardhini kwa muda mrefu kabla ya kuchipuka.

Ambedkar alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Bombay mwaka 1912. Mwaka uliofuata, kwa ufadhili wa Maharaja wa Baroda, alikwenda katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Miongoni mwa walimu wake huko alikuwamo mwanafalsafa John Dewey, aliyeitazama demokrasia kuwa namna ya watu kuishi pamoja, wala si utaratibu wa kupiga kura tu. Kutoka Marekani alielekea London, akasomea uchumi na sheria.

Aliporejea mwaka 1917 kulitumikia jimbo la Baroda, ilibainika kwamba elimu yote hiyo haikumfutia unajisi. Alikosa nyumba ya kupanga, akajihifadhi katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa kutumia jina lisilo lake. Siri ilipofichuka, kundi la watu wenye marungu lilimfukuza. Alikaa katika bustani ya mji akingoja treni ya kumrudisha Bombay. Fundisho lilikuwa wazi: aliyedunishwa na imani ya watu hawezi kuinuliwa na vyeti pekee.

Kutoka Bwawani Hadi Yeola

Tarehe 20 Machi 1927, katika mji wa Mahad, Ambedkar aliongoza maandamano hadi kwenye bwawa la Chavdar. Baraza la mji lilikuwa limekwisha kupitisha kwamba bwawa hilo ni la watu wote, ila hapakuwa na asiyeguswa aliyethubutu kuyateka maji yake. Ambedkar aliinama, akachota kwa kiganja, akanywa, maelfu wakamfuata. Waliokuwa njiani kurudi makwao walipigwa, na wenyeji wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa kwa kulimiminia mitungi ya maji yaliyochanganywa na maziwa, mtindi, kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Mng'ombe aliruhusiwa kunywa bwawani humo; binadamu alilitia uchafu. Kesi iliyofunguliwa ilichukua miaka 10 kabla ya Mahakama Kuu ya Bombay kuwapa haki wanyonge mwaka 1937.

Mwaka 1930 harakati zilihamia Nashik, ambako wafuasi wake walidai kuingia katika hekalu la Kalaram. Kwa takriban miaka 5 milango ilibaki kufungwa. Mwaka 1932 alivutana na Mohandas Gandhi juu ya uwakilishi wa wasioguswa bungeni. Gandhi alifunga kula, na Ambedkar akalazimika kukubali mapatano ya Poona. Hapo ndipo alipoanza kutilia shaka mbinu nzima ya kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hataki kufungua. Tarehe 13 Oktoba 1935, mjini Yeola, alitamka kwamba kuzaliwa Mhindu hakukuwa katika uwezo wake, ila kufa akiwa Mhindu ni jambo aliloweza kulikataa.

Mizani ya Kuchagua

Tangazo hilo liliwavuta viongozi wa dini mbalimbali. Waislamu, Wakristo na Masingasinga walimwendea, kila mmoja akimfungulia mlango. Ambedkar hakuwa na haraka. Kwa muda aliielekea dini ya Masingasinga, kisha akarudi vitabuni. Ishara za kule moyo wake ulikoelekea zilionekana katika majina: chuo alichokianzisha Bombay mwaka 1946 alikiita Siddharth, na kingine cha Aurangabad, kilichoanzishwa mwaka 1950, alikiita Milind, kwa jina la mfalme anayesimuliwa kuwa alihojiana na mtawa wa Kibudha.

Katika makala aliyoiandika mwaka 1950 alifafanua vigezo vyake. Jamii, kwa maoni yake, haiwezi kusimama kwa sheria pekee. Lazima iwe na maadili yanayokubaliwa na wengi. Imani inayobeba maadili hayo sharti iafikiane na akili na sayansi. Sharti itambue uhuru, usawa na udugu. Na isiutukuze ufukara kana kwamba ni baraka. Alipouweka Ubudha kwenye mizani huo, aliona umetimia. Budha hakujidai kuwa mungu wala mjumbe wa mungu. Alijitambulisha kuwa mwonyesha njia, na akawahimiza wasikilizaji wake wasiyakubali mafundisho yoyote kwa kuwa tu ni ya kale au yametamkwa na mwalimu mashuhuri.

Wakati huo Ambedkar hakuwa tena mnyonge wa mlangoni. India ilipopata uhuru mwaka 1947 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria na mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba. Kifungu cha 17 cha katiba hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, kilipiga marufuku desturi ya kutogusana kwa namna zake zote. Hata hivyo, katiba ilipokaribia kupitishwa, mwandishi wake mkuu aliwatahadharisha wabunge kwamba nchi inaingia katika maisha ya ukinzani: usawa katika kura, na ukosefu wa usawa katika jamii na uchumi. Mwaka 1951 alijiuzulu baada ya mswada wake wa kurekebisha sheria za ndoa na urithi za Wahindu, uliokusudiwa kuwapa wanawake haki zaidi, kukwama. Sheria ilikuwa imefika pale sheria inapoweza kufika.

Nagpur, 1956

Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, Ambedkar na mkewe Savita waliingizwa katika Ubudha na mtawa mkongwe Chandramani, mzaliwa wa Burma. Kisha akafanya jambo lisilo la kawaida. Badala ya kuwaachia watawa shughuli hiyo, yeye mwenyewe, mtu wa kawaida asiyevaa joho, aliugeukia umati wa mamia ya maelfu na kuwaapisha. Aliwapa viapo 22. Waliapa kutoabudu miungu ya zamani, kuamini kwamba binadamu wote ni sawa, na kujiepusha na wizi, uongo na ulevi. Mwezi uliofuata alihudhuria mkutano wa Wabudha wa dunia mjini Kathmandu, akaifananisha na kuitofautisha njia ya Budha na ile ya Karl Marx. Tarehe 6 Desemba 1956 alifariki usingizini nyumbani kwake Delhi. Alikuwa ameishi akiwa Mbudha kwa siku 53.

Kitabu chake kikuu kuhusu Budha na mafundisho yake kilitoka mwaka 1957. Humo fundisho la karma halielezi kwa nini mmoja amezaliwa mfagiaji na mwingine kuhani, kwani tafsiri ya namna hiyo, kwake, ilikuwa kumlaumu aliyeonewa. Roho isiyokufa haimo. Nirvana si mahali pa baada ya kifo, bali ni hali ya mtu aliyezitawala tamaa zake na kuishi kwa uadilifu hapa duniani. Mtawa naye hapimwi kwa utulivu wake pangoni. Hupimwa kwa utumishi wake kwa watu.

Haikosi kuwa wapo waliopinga. Baadhi ya watawa na wanazuoni walisema kwamba Ubudha uliovuliwa fundisho la kuzaliwa upya na kutiwa siasa ya usawa ni falsafa ya Ambedkar iliyovishwa joho la Budha. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini wakosoaji hao walikuwa wakiulinda urithi, ilhali Ambedkar alikuwa akiwatafutia makao watu waliofukuzwa katika urithi. Sensa ya mwaka 1951 ilihesabu Wabudha wasiofika laki 2 nchini India. Ile ya mwaka 1961 ilihesabu zaidi ya milioni 3. Wengi wao walikuwa watu waliochoka kuambiwa kwamba unyonge wao umeandikwa mbinguni. Kubadili dini hakukuyamaliza madhila. Ubaguzi na mashambulizi dhidi ya jamii hizo yameendelea kuripotiwa hadi karne hii ya 21. Kilichobadilika kwanza ni jinsi walivyojitazama wenyewe.

Masimulizi mashuhuri hueleza kwamba Siddhartha aliondoka kwao baada ya kumwona mzee, mgonjwa na maiti kwa mara ya kwanza. Ambedkar aliyakataa: haiingii akilini, alihoji, kwamba mtu wa miaka 29 hajapata kumwona mzee. Badala yake alisimulia kwamba ukoo wa Siddhartha uligombana na majirani juu ya maji ya mto Rohini. Wakubwa walipoamua kupigana, kijana huyo alisimama peke yake kuipinga vita, akachagua kuihama nchi kuliko kumwaga damu kwa ajili ya maji. Ndivyo alivyomwona Budha mtu ambaye, utotoni, alilala na njaa karibu na chakula kwa kukosa wa kumpa maji.